Mintarafu ya Vinyama vya Tumboni

Mtu wa Kanyangi huko Kitui, au wa ng'ambo ya Mto Athi huko Makueni, ambaye tumbo limemchoma mwaka mzima akawa ananunua dawa ya omeprazoli dukani na kuamini kuwa ana ulsa, huenda akastaajabu siku anapotiwa darubini ya tumbo Nairobi na kuambiwa kwamba kidonda hakipo, ila pana kinyama mfano wa punje ya mbaazi kilichoota juu ya utando wa tumbo.

Kwanza atulize moyo, maadamu vinyama hivi aghalabu si saratani, wala si lazima viwe ndivyo vilivyomuumiza. Vingi huonekana kwa bahati tu. Vipo vinavyozuka juu ya utando uliovimba kwa miaka mingi kwa sababu ya kijidudu Helicobacter pylori, ambacho Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Nobel mwaka 2005 kwa kukifichua, na ambacho wengi kwetu hukipata tangu utotoni. Vinyama hivyo, kijidudu kikiangamizwa, pengine hunywea vyenyewe. Vipo vinavyoandamana na kumeza omeprazoli muda mrefu, navyo kwa kawaida havina madhara. Lakini ipo jamii ya tatu, adenoma, iliyo haba zaidi, ambayo ikiachwa yaweza kugeuka saratani. Hii hutolewa bila taraghani.

Namna ya kuitoa ni hii: mgonjwa aliyelala bila kula hupewa dawa ya kumsinziza, tabibu akapitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kamera hadi tumboni, kisha kwa tundu lililomo ndani ya mpira huohuo akaingiza sindano na kutia maji ya chumvi chini ya utando, ili kinyama kiinuke na kujitenga na misuli, akakizungushia kitanzi cha waya, akakaza, akapitisha umeme unaokata na kuziba damu kwa pamoja. Hapana mshono, na aghalabu mgonjwa hurejea nyumbani siku iyo hiyo. Kutoka damu hutokea kwa wachache, na kutoboka tumbo ni nadra, lakini choo cheusi au maumivu makali baadaye yasisubiriwe hadi kesho.

Neno ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba jicho la tabibu, hata liwe hodari vipi, haliwezi kuitambua adenoma kwa yakini. Hadubini ya maabara ndiyo inayokata shauri. Nahuzunika kila mtu anapotumia fedha za mbuzi wake kwa safari hii, kinyama kikatolewa, naye akarudi kwake asijue kilikuwa cha aina gani. Kipande kisitupwe, majibu yaandikwe, na mgonjwa ayapeleke mwenyewe kwa tabibu wake Kitui au Wote, apimwe na kile kijidudu, na ikiwa ilikuwa adenoma, atiwe darubini tena baada ya mwaka mmoja, hata kama tumbo limenyamaza kabisa.