Uvimbe wa titi unaojipikia chakula chake

Mama akiambiwa kinyama kilichokatwa kwenye titi kimeonyesha saratani, swali la kwanza nyumbani huwa: imefika wapi? Ni swali la haki. Lipo la pili ambalo familia nyingi hazilijui: uvimbe huu unakula nini?

Kila mwili hutengeneza protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kidonda kinapopona, au titi linapojiandaa kunyonyesha, protini hizo hubisha hodi kwenye seli na kuziagiza zigawanyike. Kazi ikiisha, hodi inakoma.

Seli ya saratani haisubiri kuagizwa. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Michael Sporn na George Todaro, walieleza kwamba seli ya aina hiyo inaweza kujitengenezea kichocheo, kukitoa nje, kisha kukipokea yenyewe. Inajipikia na kujipakulia. Kichocheo kingine, VEGF, huvuta mishipa mipya ya damu kuelekea kwenye uvimbe. Mishipa hiyo huleta chakula, na huwa pia njia ya seli kutorokea kwenye mapafu, ini au mifupa. Ndiyo maana uvimbe mdogo usiouma si wa kusubiriwa.

Ujanja mwingine uko mlangoni. Karibu saratani moja kati ya tano za matiti huwa na vipokezi vya HER2 vingi kupita kiasi, hata seli ikaendelea kugawanyika bila kubishiwa hodi. Zamani aina hii iliogopwa sana. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumab, dawa inayokamata kipokezi hicho, na WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Bei yake bado ni mzigo. Uvimbe unaochochewa na estrojeni una vidonge vya tamoxifen, ambavyo ni nafuu zaidi.

Dawa iliyomfaa jirani, basi, huenda isimfae mama huyu. Kabla ya matibabu, daktari aulizwe: je, kinyama kimepimwa vipokezi vya estrojeni, projesteroni na HER2? Na ndugu anayekabidhiwa kichupa akipeleke maabara asikizungushe mjini siku kadhaa, maana kinyama kikiharibika majibu hupotosha. Maabara hukihifadhi kwenye nta, kwa hiyo hata kama majibu ya kwanza hayakutaja vipokezi, mara nyingi kinaweza kupimwa bila mama kukatwa upya.