Reli ya Rongai na Mahindi ya Nyanda za Juu

Msafiri apitaye Salgaa kwa barabara ya Eldoret huona malori mengi, wala hakumbuki kwamba Rongai, iliyo karibu, iliinuliwa na gari la moshi.

Reli kutoka Mombasa ilianzwa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Nafasi kati ya vyuma vyake ni meta 1 tu, kwa kuwa njia nyembamba hujengwa kwa gharama ndogo na hupinda kwa urahisi penye milima. Baada ya Vita Kuu ya kwanza njia nyingine ilijengwa kutoka Nakuru. Ilipita Rongai, ikapanda Timboroa penye kimo cha zaidi ya futi 9,000, ikafika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931.

Kabla ya hapo mahindi ya Uasin Gishu yalivutwa kwa magari ya ng'ombe, na gharama za njiani zilikula faida. Reli iliondoa taabu hiyo, na nauli ya mahindi yaendayo ng'ambo ikapunguzwa.

Lakini faida hiyo ilikuwa ya walowezi. Vibarua Waafrika waliochimba udongo wa njia ile hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika nyanda hizo. Mchumia juani hulia kivulini, bali hao walichuma, wakala wengine. Zuio hilo lilipoondolewa, karibu na uhuru wa 1963, wengi walipata ardhi. Na baadaye malori yakaipokonya reli sehemu kubwa ya mizigo.