Mshenga Asiyeondoka

Ijumaa moja, msimu wa kaskazi, dalali wa samaki alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Hata salamu yangu hakuingoja. "Mwanangu, simu hii uliyonitilia programu inauza samaki ambao hawakuvuliwa." Nikachukua baiskeli, nikashuka kutoka mtaani Ngamiani hadi mnada wa samaki wa Deep Sea.

Programu ile niliiandika mwenyewe kwa ajili ya kikundi kimoja cha wavuvi. Kazi yake ni ndogo. Chombo kikifika, dalali anafungua ukurasa wake kwenye simu na kuandika aina ya samaki. Mnada ukiisha anabonyeza kitufe cha "Uza", na bei inaingia daftarini. Jioni wenye vyombo na mabaharia wanagawana kwa hesabu ile.

Siku ile vilikuwa vimefika vyombo vinne. Nilipolifungua daftari, chombo cha kwanza kimeandikwa mara moja, cha pili mara mbili, cha tatu mara tatu, na cha nne mara tano. Mauzo manne yamezaa mistari kumi na moja. Fungu la kolekole la chombo cha tatu liliuzwa shilingi 60,000, daftari linasema 180,000. Mwenye ngalawa amesimama pembeni, kanda lake la samaki bado linavuja maji miguuni pake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Yeye anazitaka 180,000 zake, maana simu ndiyo iliyosema, na simu tuliwaambia sisi wenyewe kwamba haikosei.

Ili msomaji aelewe kosa langu, kwanza nimweleze mshenga.

Mjomba wangu wa Barabara ya Nane ameshakuwa mshenga mara tisa. Kijana akipata mchumba, hatoki yeye kwenda kubisha hodi kwa wazazi wa binti. Barua ya posa anaipeleka mjomba. Majibu yanarudi kwa mjomba, na mahari yanatajwa mbele ya mjomba. Upande wa kijana haujui nyumba ya pili wanasemaje chumbani, na haupaswi kujua. Wazee wa binti wakibadili nia kuhusu mkaja au kilemba, habari inapita kwa mtu mmoja, kwa maneno yaliyokwisha kupimwa.

Ndani ya programu nzuri ya simu au kompyuta yumo mtu kama huyo. Upande mmoja ziko skrini: vitufe, maandishi, picha, yale yote ambayo jicho linaona na kidole kinagusa. Upande wa pili liko daftari na kanuni za kazi: bei, majina ya vyombo, mgawanyo. Katikati anakaa mshenga. Kitufe kikibonyezwa, skrini inamwambia mshenga, naye anapeleka habari kule inakohusika. Daftari likibadilika, mshenga anasikia na kuiambia skrini yake ionyeshe bei mpya. Skrini haijui kama kuna daftari. Daftari halijui kama kuna skrini.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Dalali wetu macho yamepungua nguvu. Miezi miwili baada ya kuanza alitaka herufi kubwa na kitufe kipana kama kiganja, kwa sababu vidole vyake muda wote vina magamba na maji ya chumvi. Nikaitoa skrini ya zamani, nikaweka mpya, na daftari sikuligusa hata mstari mmoja. Kama kitufe kile kingekuwa kinaandika bei moja kwa moja daftarini, ningelazimika kufumua kila kitu, na hesabu za watu zimo ndani.

Fikra ya kutenganisha mambo hivi si ya jana. Mnorwe Trygve Reenskaug aliiandika mwaka 1979, akiwa mgeni katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko California. Alitenga sehemu tatu: jambo lenyewe, mwonekano wake, na kidhibiti kinachopokea amri za mtumiaji. Waandishi wa programu huuita mpango huo MVC. Nami kama mtu wa pwani nafurahia jambo moja katika maisha yake. Kabla ya hapo alikuwa ameandika Autokon, programu ya kusanifu meli, iliyoanza kutumika mwaka 1963 katika karakana ya Stord, Norway. Fundi wa mashua anajua kwamba mkuku na mataruma ni kazi moja, na kukalafati ni kazi nyingine, na ubao uliooza hubadilishwa bila kuvunja chombo kizima. Mwaka 1994 Erich Gamma na wenzake watatu wakatoa kitabu chenye ruwaza 23 za kuandikia programu, na mshenga ni mojawapo.

Siku hizi hatuchongi kila kitu kwa mkono. Tunachukua kiunzi kilichotengenezwa na wengine, tunakivalisha mbao zetu. Swali la kukiuliza kiunzi chochote ni moja: mshenga anazaliwa lini, na anaondoka lini?

Viunzi havijibu sawa. PureMVC, kilichotamba enzi za teknolojia ya Flash, kilikuachia wewe kazi yote: umsajili mshenga mwenyewe, umwondoe mwenyewe. Robotlegs, cha enzi hizo hizo, kilikuwa kikichungulia. Skrini ikipandishwa jukwaani, chenyewe kinamleta mshenga wake, na skrini ikishushwa kinamwondoa. Flash yenyewe iliachwa na Adobe mwishoni mwa 2020, lakini swali halikuondoka nayo. Kwenye Android, Google walileta mwaka 2017 vipande vinavyofuata uhai wa skrini, ili anayesikiliza aache kusikiliza skrini inapokufa.

Mimi niliandika kwa mtindo wa zamani. Kila dalali alipofungua ukurasa wa chombo, programu yangu iliunda skrini mpya na kumsajili mshenga mpya. Aliporudi nyuma, skrini ilifutika. Mshenga hakufutika. Jina lake lilibaki kwenye orodha ya wasikilizaji wa programu nzima, masikio wazi, akimsemea mchumba ambaye hayupo tena. Chombo cha pili kikaleta mshenga wa pili. Dalali alipobonyeza "Uza", tangazo likarushwa ndani ya programu, wakalisikia wote wawili, na kila mmoja akakimbilia daftarini kwa uaminifu. Cha tatu, wakakimbia watatu.

Hayo niliyang'amua nikiwa bado nimesimama pale mnadani. Kilichonishinda ni ile tano. Chombo cha nne, kwa nini si mara nne?

Nikamwomba dalali anionyeshe alichofanya, hatua kwa hatua, bila kuruka kitu. Akafungua ukurasa. Akaandika changu na tasi. Kisha akailaza simu upande ili mama mmoja mchuuzi aisome bei vizuri. Hapo ndipo nilipomwomba asimame. Simu ya Android ikigeuzwa upande, kwa kawaida huibomoa skrini iliyopo na kuijenga upya kwa umbo jipya. Mtumiaji haoni kitu. Kwa programu yangu ilikuwa ni skrini nyingine, na mshenga mwingine juu ya wale wanne.

Zaidi ya kuharibu hesabu, washenga hao hula nafasi. Simu ina mfagiaji wake wa ndani, anayeondoa kumbukumbu zisizotumika tena. Mfagiaji huyo hagusi kitu ambacho bado kimeshikwa na mwingine. Mshenga aliyebaki kwenye orodha ameshikwa, naye ameishika skrini yake iliyokufa, na skrini imezishika picha zake. Mafundi husema kumbukumbu inavuja. Ndiyo maana simu ya bei nafuu inakuwa nzito kufikia adhuhuri, na mwenye simu analaumu betri.

Mjomba nilimsimulia jioni ile. Akaniambia mshenga kazi yake haiishi siku ya harusi. Wanandoa wakigombana, yeye ndiye anayeitwa. Lakini ndoa ikivunjika kwa talaka, na mambo yakamalizwa mbele ya wazee, hana tena neno la kupeleka nyumba ile. Akiendelea kwenda anakuwa fitina. Sijapata kusikia kanuni hii ikielezwa vizuri zaidi na mwalimu wa kompyuta.

Marekebisho yalikuwa mistari miwili: mmoja wa kumwondoa mshenga skrini inapofungwa, mwingine wa kumwondoa simu inapogeuzwa. Hesabu ya siku ile tuliiandika upya kwa kalamu, mbele ya wote, na mwenye ngalawa akapokea 60,000 zake.

Wewe unayejifunza kazi hii, kabla hujampa mtu programu yako, fungua ukurasa mmoja mara kumi, geuza simu mara tatu, kisha bonyeza kitufe mara moja, uhesabu mistari daftarini. Mimi nafanya hivyo kila nikibadilisha kitu, nikiwa nimekaa juu ya kreti pale pale mnadani. Jana vilifika vyombo saba. Daftari liliandika mauzo saba.