Barabara Nyeupe za Toscana: Vumbi Linalostahili Kulindwa

Katika mkoa wa Toscana, Italia ya kati, kuna njia ya baiskeli inayoanzia na kuishia katika mji mdogo wa Gaiole in Chianti. Inaitwa L'Eroica. Ina urefu wa kilomita 209, na zaidi ya kilomita 100 kati ya hizo ni barabara za changarawe ambazo wenyeji huziita barabara nyeupe. Ukijumlisha vilima vyote, mwendeshaji hupanda takriban mita 3,800, kimo kinachokaribia kile cha kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Kilimanjaro. Wengi huyasifu mandhari ya njia hii na kuulalamikia ugumu wake, kana kwamba ugumu ni ushuru wa kuyaona mandhari. Naona wanakosea. Milima na changarawe ndivyo vilivyovipa vijiji vya njiani sura yake, na asiyetoka jasho katika njia hii huviona bila kuvielewa.

Tuanze na vijiji vyenyewe. Katika Zama za Kati, Firenze na Siena zilikuwa dola mbili zenye uhasama, na vilima vya Chianti vilikuwa mpakani. Aliyetaka usalama alijenga juu, mahali pa kumwona adui mapema na kumchosha kabla hajafika langoni. Ndiyo maana ngome ya Brolio, inayomilikiwa na ukoo wa Ricasoli tangu karne ya 12, imekaa kilimani, na Radda, uliokuwa mji mkuu wa Muungano wa Chianti chini ya Firenze, umeshika mgongo wa mlima. Ushahidi mkubwa zaidi ni Montalcino, mji ulio mita 564 juu ya usawa wa bahari. Siena iliposalimu amri mwaka 1555 baada ya kuzingirwa, baadhi ya raia wake walikimbilia huko na kuiendeleza jamhuri yao hadi 1559. Mji wa Buonconvento, kinyume chake, uko bondeni, kando ya njia ya kale ya mahujaji waendao Roma. Kwa kuwa haukuwa na mlima wa kuukinga, Siena iliuzungushia ukuta wa matofali katika karne ya 14. Haya yote yanapatikana vitabuni. Lakini anayepanda Montalcino kwa nguvu za miguu yake hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini jeshi lenye mizigo lilipata taabu kuufikia.

Ugumu huo pia una kanuni zake. Kwenye lami, kilima kikiwa kikali, mwendeshaji huinuka kwenye kiti na kukanyaga kwa uzito wa mwili mzima. Kwenye changarawe hilo halifai: akiinuka, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linakosa mshiko na kuzunguka bure, na baiskeli inasimama. Inambidi abaki kitini, ashushe gia kabla mwinuko haujambana, akanyage kwa mwendo uleule bila pupa na aulegeze mkono kwenye usukani. Kwenye mteremko, akiibana ghafla breki ya mbele juu ya kokoto, gurudumu litateleza na kumwangusha. Karibu na Asciano, katika kipande cha Monte Sante Marie chenye urefu wa zaidi ya kilomita 11, vilima vifupi vikali vinafuatana juu ya udongo wa mfinyanzi wa kijivu, unaotimka vumbi wakati wa kiangazi na kugandamana na matairi mvua inaponyesha. Hapo mtu hulazimika kuitazama ardhi hatua kwa hatua, na ndivyo anavyoijua.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: sisi tunalilia lami ili mgonjwa afike hospitali na mazao yafike sokoni, iweje wenzetu waikatae? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba hawakuikataa kila mahali. Barabara kuu za Toscana zina lami. Zinazolindwa ni zile za kuunganisha mashamba na vijiji, nazo hazikutelekezwa. Zinasawazishwa na kuchimbiwa mifereji ili zipitike. Giancarlo Brocci alipoanzisha tamasha la baiskeli lenye jina hilohilo la L'Eroica mwaka 1997, likiwa na waendeshaji 92 kwenye baiskeli za zamani, alitaka hasa kuziokoa barabara hizo zisimezwe na lami. Miaka 10 baadaye yakazaliwa mashindano ya kulipwa ya Strade Bianche, yaani Barabara Nyeupe, yanayomalizikia katika uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena. Kilichoonekana kuwa ishara ya kubaki nyuma kimegeuka rasilimali.

Lipo pingamizi zito zaidi: kwamba wageni wanajiburudisha kwa umaskini wa watu wengine. Ni kweli kwamba kwa karne nyingi mashamba haya yalilimwa na wakulima waliompa mwenye ardhi takriban nusu ya mavuno. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wao walihamia mijini, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Historia hiyo haifutwi kwa kumwaga lami. Inapaswa kusimuliwa papo hapo, kwenye barabara walizozitumia wakulima hao. Wapo pia wasemao kwamba njia hii ni ya wanariadha tu. Lakini imewekewa vibao vya kudumu, inaweza kugawanywa kwa siku kadhaa, na ipo mizunguko mifupi kwa asiye na pumzi. Kushuka na kuikokota baiskeli si aibu.

Kwa hiyo, wapangaji wa barabara popote walipo wasihesabu kila njia ya vumbi kuwa deni linalosubiri lami. Waulize kwanza inamhudumia nani, na wenyeji wake wanataka nini. Panapohitajika lami, iwekwe bila kuchelewa. Panapotosha changarawe iliyotunzwa vizuri, itunzwe, kwa sababu lami ikishamwagwa ni nadra sana kuondolewa.