Mkemia Huipimaje Bangi?

Ninyi wa Mbwara mliokusanyika katika kikundi, pamoja na jirani zenu wa Kibiti, Ikwiriri na Utete, na wale wa vijiji vya delta ya Rufiji mnaosikiliza huku mnashona nyavu, somo la leo lawahusu hata kama hakuna kati yenu aliyewahi kugusa kitu hiki. Tutasema habari za bangi. Hatuna nia ya kuhubiri juu ya kuivuta. Mahubiri hayo mmekwisha kuyasikia. Tunataka kujua mkemia wa serikali afanya nini anapoletewa kifurushi cha majani makavu, jibu lake lina maana gani, na lipi ambalo jibu hilo halisemi.

Jambo hili si dogo. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya, pamoja na mabadiliko yake, mtu akipatikana na hatia ya kusafirisha au kuuza bangi aweza kufungwa miaka 30, na mzigo ukiwa mkubwa zaidi aweza kufungwa maisha. Miaka 30! Kijana huingia ana miaka 20, akatoka mzee wa miaka 50, na watoto aliowaacha wamekwisha kupata watoto wao. Basi kama majani yale ni bangi kweli au ni kitu kingine, hilo ni swali ambalo jamaa nzima yangoja jibu lake.

Tuanze na kitu tunachokijua sote, yaani korosho. Unapopeleka korosho ghalani, mpimaji hafungui kila gunia akapasua kila punje. Huchukua kidogo huku na kidogo kule, juu, katikati na chini, akachanganya, akahesabu, akapasua, akatazama. Ile kidogo aliyoichukua huitwa sampuli. Sasa fikirini mambo mawili. La kwanza, kama sampuli haikutoka katika magunia yako, jibu lake si la korosho zako, hata mpimaji awe hodari namna gani. La pili, mpimaji hujibu lile aliloulizwa tu. Kisu chake chaweza kuonyesha punje iliyooza. Hakiwezi kuonyesha kama dawa ya wadudu imebaki ndani yake. Shikeni mambo hayo mawili, maana ndiyo somo lote la leo.

Katika nchi yetu kazi ya kupima bangi ni ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Asili ya maabara hiyo ni mwaka 1895, zamani za Wadachi, nayo ilifanywa kuwa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2016. Ina ofisi za kanda katika sehemu mbalimbali za nchi. Kwa watu wa Rufiji iliyo karibu ni ile ya Dar es Salaam. Basi kifurushi kilichokamatwa huku kwenu husafiri kwa barabara ya Kilwa mpaka mjini, na safari hiyo tutairudia baadaye.

Kifurushi kikifika, mkemia hukipima uzito kwanza. Kisha huyatazama majani kwa hadubini, ile darubini ya kutazamia vitu vidogo. Jani la bangi lina vinyweleo vilivyopinda kama ukucha wa paka, na katika shina la kila kinyweleo mna chembe ya chokaa. Ukitia tone la asidi, chokaa ile hutoa mapovu. Hiyo ni dalili nzuri, lakini dalili haitoshi. Kwa hiyo hufuata kipimo cha rangi. Majani hutiwa katika dawa maalumu, na kama ni bangi maji hugeuka rangi ya zambarau. Kipimo hiki ni rahisi, hata askari aweza kukifanya njiani. Ila tahadhari, ndugu zangu: kuna mimea mingine isiyo bangi ambayo yaweza kutoa rangi inayofanana. Rangi yasema “huenda”, haisemi “ndiyo”.

“Ndiyo” hutoka katika mashine. Majani huloweshwa katika kiyeyusho, maji yake yakapitishwa katika mrija mrefu mwembamba sana. Humo kila kitu hukimbia kwa mwendo wake, kama watoto katika mashindano, na kila kimoja hufika kwa wakati wake. Kazi hii huitwa kromatografia. Mwisho wa mrija pana mashine nyingine inayovunja kila kitu kilichofika na kupima uzito wa vipande vyake, hata mkemia aweza kukitaja kwa jina. Anachokitafuta ni kile kinacholevya, nacho kwa kifupi huitwa THC. Wataalamu wawili wa Israel, Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam, ndio waliokitenga na kueleza umbo lake mwaka 1964. Watu walikuwa wameijua bangi kwa maelfu ya miaka bila kujua ni nini ndani yake kinachowalevya.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo. Katika jani bichi THC karibu yote imelala katika hali ya asidi, ambayo hailevyi. Moto ndio unaoiamsha. Kwa hiyo mkemia anayetaka kusema bangi hii ina nguvu kiasi gani hana budi kueleza amepima kabla ya joto au baada yake, kwa maana hesabu hizo mbili si sawa.

Sasa turudi katika ile safari ya barabara ya Kilwa. Mashine yaweza kuwa nzuri kuliko zote duniani, lakini haijui kifurushi kimetoka mfukoni mwa nani. Hilo ni neno la watu na karatasi. Nani alikamata, saa ngapi, mbele ya nani. Nani alifunga bahasha na kupiga lakiri. Ililala wapi usiku ule. Nani aliipeleka na nani aliipokea. Kila mkono ulioigusa waandikwa. Mahakimu huita habari hiyo mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Pete moja ya mnyororo ikikosekana, mahakama yaweza kukataa ushahidi wote, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kuwaachia huru watu katika kesi za dawa za kulevya kwa sababu hiyo. Wako wanaonung'unika kwamba wahalifu waponyoka kwa ajili ya karatasi. Mimi sioni hivyo. Bila karatasi ile, bahasha ya mtu mwingine yaweza kumfunga mwanao.

Jambo hili lawagusa hasa ninyi wenyeviti wa vitongoji, kwa sababu mara nyingi mwaitwa usiku kushuhudia upekuzi. Ukiitwa, nenda. Lakini tazama kwa macho yako kitu kinapoonekana, kinapopimwa na kinapofungwa, na soma karatasi kabla ya kutia sahihi, au mtoto wako akusomee kama macho yamechoka. Ukiletewa karatasi kesho yake nyumbani kwako, nawe hukuona kitu, usiitie sahihi.

Basi mkemia amejibu: hii ni bangi. Je, amesema kwamba haina sumu nyingine? La. Hakuulizwa hivyo. Katika nchi yetu bangi ni marufuku, na maabara hupima kwa ajili ya mahakama. Bangi inayouzwa kwa siri haina mtu anayeikagua kwa ajili ya afya ya anayeinunua, nacho ndicho kitu ambacho vijana wengi hawakifikirii. Husema, “Ni mmea tu.” Haya, na tutazame.

Mwaka 2007 katika mji wa Leipzig, Ujerumani, vijana walianza kufika hospitali wakiwa na maumivu makali ya tumbo, uchovu na upungufu wa damu. Madaktari walitafuta wakakuta ni sumu ya risasi, ile madini nzito tunayoitia katika nyavu ili zizame. Wagonjwa wa kwanza walikuwa 29, na baadaye wengi wengine walionekana. Wote walivuta bangi. Wauzaji walikuwa wametia chembe za risasi ndani yake ili iwe nzito mizanini. Mchuuzi anayetia mchanga katika gunia la ufuta angewaelewa vizuri. Pua haikuijua, jicho halikuiona, maabara iliiona.

Marekani nako, mwaka 2019, watu waliovuta mvuke kwa vifaa vya umeme, wengi wao wa mafuta ya bangi, waliugua mapafu. Kufikia Februari 18, 2020 waliolazwa au kufa walihesabiwa kuwa 2,807, na waliokufa 68. Wataalamu walikuta kwamba mafuta mengi ya magendo yalitiwa kitu cha kuyafanya mazito, namna ya vitamini E, ambacho hakina madhara kikiliwa lakini huumiza mapafu kikivutwa.

Na kuvu je? Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliugusha watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Kuvu hao hawachagui mahindi na karanga peke yake. Majani yoyote yaliyofungwa kabla ya kukauka, katika hewa ya unyevu kama hii ya delta, ni shamba lao. Ndiyo maana katika nchi zilizoruhusu bangi, kama Kanada tangu Oktoba 17, 2018, na katika jimbo la California, haiuzwi dukani kabla ya kupimwa kuvu, madini mazito, dawa za wadudu na kiasi cha THC. California hukataa mzigo wenye sumukuvu kupita sehemu 20 katika sehemu bilioni moja. Hata huko mambo si safi yote: wako wakulima wanaozunguka wakitafuta maabara itakayowaandikia hesabu kubwa ya THC, maana bangi kali huuzwa kwa bei kubwa.

Nimeacha kwa makusudi jambo la mwisho, kwa sababu laumiza. Pengine mama mwenye mtoto wa kifafa ameambiwa na ndugu aliye ng'ambo kwamba mafuta ya bangi yaponya, naye ataletewa chupa. Ndugu huyo hasemi uongo mtupu. Mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa moja iliyotengenezwa kwa CBD, kitu kingine cha mmea huo kisicholevya, kwa namna mbili kali za kifafa cha watoto. Lakini dawa ile hupimwa kila chupa, na daktari huitoa kwa uzito wa mtoto. Chupa za sokoni ni habari nyingine. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi wa bidhaa 84 za CBD zilizouzwa kwa intaneti. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Na katika 18 ilikutwa THC, ile inayolevya. Mama angempa mtoto kijiko akifuata maandishi, na maandishi hayo ni ya uongo. Tena kwa sheria yetu chupa hiyo yaweza kumpeleka mama mwenyewe mahakamani. Mtoto wa kifafa apelekwe hospitali, Utete au Kibiti, na dawa alizoandikiwa asiachishwe kwa ghafla, kwa sababu kuziacha ghafla kwaweza kuleta degedege lisilokoma.

Kabla hamjatawanyika, katibu wa kikundi awaulize wenzake maswali mawili. Kama mwenyekiti wa kitongoji alitia sahihi karatasi ya upekuzi bila kuona bahasha ikifungwa, ni nani anayeweza kuumizwa, mshitakiwa au serikali, au wote wawili? Na kijana akisema, “Hii ni safi, naijua kwa harufu,” mtamjibu nini juu ya wale wa Leipzig?