Je, Wajua? Mende Wenye Vyeti na Vyura Waliopanda Ndege

Je, wajua kwamba jijini New York unaweza kumpa mende jina la mpenzi wako, ukalipia, na ukapewa cheti? Bustani ya wanyama ya Bronx ilianza mchezo huo mwaka 2011, kuelekea Siku ya Wapendanao, kwa dola 10 mende mmoja. Usidhani ni mende wetu wa kabati la vyombo. Hawa ni wa Madagaska, wakubwa, hawana mbawa, na wakiguswa wanasukuma hewa kwenye matundu ya ubavuni hadi wanafoka kama nyoka. Watu wanalipa. Anayekabidhiwa cheti anacheka au anafunga mizigo, hilo ni la ndani ya nyumba yao.

Bustani yenyewe ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1899 ikiwa na wanyama 843. Ina ekari 265, Mto Bronx unaipita katikati, na kuizunguka ni mji mtupu: maghorofa, barabara kuu, treni. Inaendeshwa na shirika linalojulikana kwa kifupi kama WCS. Likumbuke jina hilo, maana huko chini litatufikisha hadi Rungwe na Udzungwa.

Je, wajua duma anapenda manukato gani? Wahudumu wa Bronx waliwapimia mwaka 2003. Walichukua manukato 24 ya dukani, wakayapuliza moja moja ndani ya uzio, kisha wakashika saa. Mengine duma waliyanusa wakapita zao. Lakini lile la wanaume la Calvin Klein, Obsession, liliwashika kwa wastani wa zaidi ya dakika 10: wananusa, wanasugua mashavu, wanaondoka, wanarudi. Siri inasemekana ni harufu ya zabadi, ile inayotoka kwa ngawa, ambayo siku hizi viwanda vinaiiga maabara. Bibi zetu wa pwani waliokuwa wakichanganya zabadi kwenye tibu wangewajibu watafiti bila kushika saa. Kazi haikuishia kwenye starehe ya duma. Wenzao wa Guatemala waliyapuliza manukato hayohayo mbele ya kamera za msituni, jagwa wakasimama kunusa, na picha zikapatikana.

Je, wajua kwamba nyoka aliyepotea aliwahi kupata wafuasi zaidi ya 200,000 mtandaoni? Machi 2011 swila wa Misri, mchanga bado, urefu wa nusu mita hivi, alitoroka kizimbani. Jumba la reptilia likafungwa. Wajuzi wa nyoka hawakukimbia huku na huko. Walijua swila aliyetoka hutafuta giza, joto na kona ya kujikunja, wakaweka maranda yenye harufu ya panya wakasubiri. Wakati huo mtu asiyejulikana alifungua akaunti ya Twitter kwa jina la nyoka, akawa anatangaza matembezi yake ya mjini. Ukweli ni kwamba swila hakuvuka hata mlango. Baada ya siku sita hivi alikutwa mlemle jengoni. Umma ukapiga kura apewe jina, likashinda Mia, kutokana na herufi za kwanza za maneno ya kijeshi ya Kiingereza yanayomtaja askari aliyepotea vitani. Kwetu angekuwa mia tu, na chenji ingebaki.

Miezi miwili baadaye akatoroka tausi jike. Huyo hakuhitaji kura. Alikamatwa mtaani.

Je, wajua kwamba simba na chui milia waliwahi kulelewa kwenye nyumba ya kupanga huko Bronx? Fred Martini alikuwa mhudumu wa bustani. Mwaka 1942 alirudi nyumbani na mtoto wa simba aliyekataliwa na mama yake, akamkabidhi mkewe, Helen. Simba akapona. Mwaka 1944 wakaletwa watoto watatu wa chui milia: Dacca, Rajpur na Raniganj. Helen akawanywesha maziwa kwa chupa usiku na mchana, na bafu likawa uwanja wao. Waliporudishwa bustanini alikwenda nao, akakisafisha chumba cha stoo na kukigeuza wodi ya watoto. Ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kutunza wanyama pale. Ukitaka kupima kazi hiyo, jaribu kumlisha kwa chupa mtoto wa paka saa nane ya usiku, halafu umzidishe mara kumi, uwafanye watatu.

Lakini kwa vituko hakuna aliyemfikia Penelope.

Penelope alikuwa kinyamadege, yule kiumbe wa Australia mwenye mdomo wa bata, manyoya ya fuko na mkia bapa, anayetaga mayai na kunyonyesha. Bronx ilikuwa na historia naye: kinyamadege wa kwanza kuonyeshwa akiwa hai nje ya Australia alifika hapo mwaka 1922, akaishi kama wiki saba. Mwaka 1947 wakaletwa watatu, na Penelope akabaki na dume aitwaye Cecil. Mwaka 1953 wawili hao walionekana wakichumbiana majini, kisha Penelope akakusanya majani, akachimba shimo, akajifungia. Furaha ikafika magazetini. Wahudumu wakamwongezea posho: minyoo zaidi, vyura zaidi, kamba wa mtoni zaidi, maana mama mnyonyeshaji lazima ale. Penelope akala. Miezi ikapita. Siku ya kufukua shimo waandishi wa habari walialikwa, koleo likaingia taratibu, udongo ukaondolewa. Hapakuwa na mtoto, wala kiota cha maana. Alikuwepo Penelope peke yake, amenenepa. Wanaojua wanyama watasema tusimtwike hila za binadamu. Mimi namtwika. Mwaka 1957 alitoroka, akatafutwa kwa wiki kadhaa, hakuonekana tena. Msako ulipositishwa, Cecil naye akafa.

Je, wajua kwamba mwanzoni mwa Aprili 2020, New York ikiwa imejifungia, chui milia wa miaka minne aitwaye Nadia alikutwa na virusi vya korona? Alianza kikohozi kikavu. Chui milia huwezi kumwambia apanue mdomo aseme "aa", kwa hiyo alidungwa dawa ya usingizi, sampuli zikachukuliwa, na maabara ya serikali huko Iowa ikathibitisha. Bustani ilikuwa imefungwa tangu katikati ya Machi, kwa hiyo mgeni asingeweza kulaumiwa. Ilionekana aliambukizwa na mhudumu ambaye mwenyewe hakuwa na dalili. Chui milia watano na simba watatu waliambukizwa, wakapona wote.

Kuna "je, wajua" moja isiyo ya kuchekea. Septemba 1906 bustani hii ilimweka mtu kwenye jumba la nyani. Jina lake Ota Benga, Mbuti kutoka Kongo. Alikuwa amepelekwa Marekani na mfanyabiashara mmoja, Samuel Verner, kuonyeshwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904. Huko Bronx watu walimiminika kumtazama. Jumapili moja gazeti liliandika wageni 40,000. Walioinuka kupinga walikuwa wachungaji weusi wa New York, wakiongozwa na James Gordon, na kwa kelele zao akatolewa, akapelekwa kwenye kituo cha watoto yatima Brooklyn, baadaye Lynchburg, Virginia. Alitamani kurudi kwao. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefunga njia. Machi 1916 alijiua. WCS liliomba radhi hadharani mwaka 2020, miaka 114 baadaye.

Je, wajua kwamba tembo wa bustani hiyohiyo alifikishwa mahakama ya juu kabisa ya jimbo? Anaitwa Happy. Mwaka 2005 watafiti walimchora alama nyeupe ya X juu ya jicho, wakamsimamisha mbele ya kioo kikubwa. Happy akajitazama, akapeleka mkonga kwenye alama iliyo kichwani mwake, si ile ya kwenye kioo, akaigusa tena na tena. Wanasheria wakajenga hoja: anayejitambua asishikiliwe bila haki ya kuachiwa. Juni 2022 majaji watano dhidi ya wawili wakakataa. Walisema haki hiyo ni ya binadamu. Nimesoma maelezo ya pande zote mbili, na nakiri kwamba wale wawili walioshindwa ndio walionikosesha usingizi.

Je, wajua kwamba nyati wa Marekani waliwahi kurudi porini kwa treni wakitokea mjini? Mamilioni yalikuwa yameangamizwa kwa bunduki. William Hornaday, aliyekuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Bronx, alihesabu mwaka 1889 akapata kama 1,000 tu bara zima. Akafuga kundi bustanini. Oktoba 1907 nyati 15 walitiwa kwenye masanduku, mmoja mmoja na sanduku lake, wakasafirishwa takriban wiki nzima hadi Oklahoma. Miongoni mwa waliofika kuwapokea alikuwa Quanah Parker, kiongozi wa Wakomanche, watu ambao maisha yao yalisimama juu ya nyati hao. Hornaday huyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi Ota Benga alipowekwa kwenye jumba la nyani, mwaka mmoja tu kabla. Mtu mmoja, ofisi moja.

Wapo pia wanaoingia bila kualikwa. Mwaka 2007 kwenye Mto Bronx, mlemle ndani ya jiji, alionekana biva, yule mkata miti kwa meno, ambaye New York haikuwa imemwona porini kwa miaka kama 200. Akaitwa José, kwa heshima ya mbunge José Serrano aliyetafuta fedha za kuusafisha mto. Mwaka 2010 akapata mwenzake. Umma ukapiga kura tena, na kwa kuwa "beaver" ndilo jina la mnyama huyo kwa Kiingereza, biva wa watu akaitwa Justin Beaver, kwa mzaha juu ya mwimbaji mwenye jina linalokaribia hilo.

Je, wajua kipunji? Watu wa WCS nchini Tanzania walisikia kwa wawindaji wa Rungwe habari za kima mwenye haya, anayeishi juu ya miti mirefu. Wakamfuatilia, wakamwona mwaka 2003, dunia ikatangaziwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata ikabainika ni jenasi mpya kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika tangu 1923. Magazeti yaliandika "amegunduliwa". Wawindaji walikuwa na jina lake siku zote.

Tumalizie na abiria wadogo kuliko wote.

Mto Kihansi unaposhuka kutoka Milima ya Udzungwa unaangukia korongo, na maporomoko yake yalikuwa yakirusha rasharasha mchana na usiku. Ndani ya rasharasha hiyo, kwenye eneo la hekta 2 hivi, yaani kama viwanja vitatu vya mpira, aliishi chura wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwepo mahali pengine popote duniani. Jike hafiki sentimita 3. Hatagi mayai wala hana viluwiluwi vya kuogelea, bali huzaa watoto waliokamilika, wa milimita 5 hivi, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kuwaona wakiwa ndani. Wanasayansi walimfahamu mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la megawati 180 limeshaanza kujengwa. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha ikakatika.

Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Bronx, na kutoka hapo wakagawanywa kwenye bustani sita za Marekani. Walikufa kwa wingi. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamebaki chini ya 70, na bustani mbili tu zilikuwa bado nao: Bronx na Toledo, Ohio. Wahudumu wakajifunza kwa kukosea: maji yachujwe vipi, taa iwe ya mwanga gani, mdudu awe mdogo kiasi gani kuingia kinywa cha mtoto wa milimita 5. Picha hiyo haiishi kunishangaza, mtu mzima ameinama juu ya tangi la kioo, nje theluji, ndani anawatengenezea vyura mvua ya Udzungwa kwa bomba la kunyunyiza.

Huku korongoni nako mabomba ya kunyunyiza yalikuwa yamewekwa, vyura wakaanza kuongezeka, kisha mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Kuvu linaloua vyura duniani kote lilionekana pale. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Agosti 2010 vyura 100 walipanda ndege kuja Dar es Salaam, wakapelekwa Chuo Kikuu, kwenye chumba kilichoandaliwa kwa ajili yao. Wote walikuwa wazaliwa wa Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2012 wenzao 2,000 hivi wakapelekwa Kihansi. Baadhi waliwekwa kwanza ndani ya vizimba vya wavu, palepale chini ya mabomba, wazoee. Wengine waliachiwa siku hiyohiyo, wakarukia majani mabichi kwenye rasharasha.