Adadi ya Watu na Vigawo Vyake

Wakazi wa Ngombezi, katika wilaya ya Korogwe yenye mashamba ya mkonge, walihesabiwa pamoja na nchi nzima katika sensa ya 23 Agosti 2022, na kila aliyelala huko usiku wa kuamkia siku hiyo akatiwa katika adadi moja iliyotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba: watu 61,741,120, yaani 59,851,347 wa Bara na 1,889,773 wa Zanzibar. Aghalabu adadi hiyo hutajwa penye mashauri ya shule, zahanati na bajeti, ilhali inazo sifa zake yenyewe, ambazo mwanafunzi mwenye kalamu na subira aweza kuzibainisha.

Kwa kuwa yaishia kwa sifuri, ni shufwa, tena yagawika kwa 5. Ukiigawa kwa 2 mara sita mfululizo, kisha kwa 5, kwa 7 na kwa 43, bila kubakiza kitu, utafikia 641, ambayo ni namba tasa, isiyogawika ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Basi adadi yote ni 64 × 5 × 7 × 43 × 641, na kwa kuzichanganya tasa zake kila namna hupatikana vigawo 112.

Hiyo 641 ina sifa ya kale. Pierre de Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa katika karne ya 17, alidhani kuwa 4,294,967,297 ni namba tasa, hata mwaka 1732 Leonhard Euler akadhihirisha kuwa yagawika kwa 641.

Walakini sifa iliyo bora zaidi yamhusu kila mtu. Lau karani angalimruka mkazi mmoja wa Ngombezi, awe mkata mkonge au mtoto mchanga, adadi ingalikuwa 61,741,119, ambayo ni witiri, yagawika kwa 3, wala haigawiki kwa 5, kwa 7, kwa 43 wala kwa 641. Sababu yake ni kwamba kigawo cha namba mbili zinazofuatana hakina budi kugawa pia tofauti yao, ambayo ni 1, na 1 haina kigawo ila yenyewe. Kwa hiyo, katika vigawo vile 112, vingalitoweka 111 kwa kukosekana nafsi moja.

Waziri aweza kutaja milioni 62 na mipango yake isidhurike, lakini hisabati haijui takriban ya namna hiyo, na mbele yake mtoto wa Ngombezi ana uzito ule ule wa mtu yeyote nchini.